Nani Alimkatia Nyama?

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kipaza sauti cha uwanja wa ndege kilimwita fundi wa umeme kwa mara ya mwisho. Hakuitika. Mhudumu wa baa ya ukumbi wa nje, wanakokaa abiria na wanaowasindikiza, alimkuta amelalia meza ya pembeni. Akamtikisa bega. Kichwa kikaanguka upande. Fundi alikuwa ameshakata roho.

Inspekta alifika saa nne u nusu, akaanza na meza. Palikuwa na sahani ya nyama iliyokatwakatwa vipande vidogo, nusu imeliwa, na glasi ya juisi yenye unga mweupe uliotuama chini. Mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa kwenye plasta mpaka vidoleni.

"Maabara itathibitisha," daktari alisema, "lakini naona ni vidonge vya usingizi. Peke yake vingemlaza tu. Huyu ananuka bia."

Mhudumu alijitetea. "Alikunywa tatu, afande. Nilipomnyima ya nne akanitukana, nami nikamrudishia. Watu wote walisikia. Nikaondoa chupa, nikamletea chakula na juisi, nikaenda meza nyingine. Kutukanana si kuuana!"

Askari alishatoa pingu. Inspekta akamzuia.

"Nyama uliileta imekatwa?"

"Hapana, afande. Pande zima."

"Mwenye mkono mmoja hakati nyama hivi. Alikaa na mtu."

Nje, kwenye benchi, alikaa mama wa marehemu. Alikuwa ameshapewa habari, na hakulia. Aliwaambia askari kwamba waliagana na mwanawe mlangoni saa tatu, yeye hakuingia ndani. Sasa ilikuwa saa tano. Inspekta akaketi kando yake.

"Pole sana, mama. Mwanao alikuwa mnywaji?"

"Aliacha. Alivunjika mkono kwa ulevi, akaniapia hatagusa tena."

"Leo alikunywa bia tatu."

Mama aligeuka ghafla. "Tatu? Saa ngapi? Mbona mezani palikuwa na juisi tu?"

Akajiziba mdomo, lakini neno limeshatoka.

"Hukuingia, mama," Inspekta alisema taratibu. "Meza uliionaje? Na nyama nani alimkatia?"

Mama akaondoa mkono mdomoni.

"Mimi," mama alisema. "Nimemkatia tangu hana meno. Kaka zake wawili walipanda ndege kufuata kazi, mwanangu. Mmoja alirudi kwenye sanduku. Wa pili, huu mwaka wa sita, hata sauti yake siisikii. Huyu ndiye kitinda mimba wangu. Nilimpigia magoti asiende, akasema mkataba ameshasaini. Nikasaga vidonge vyangu. Harufu ya bia niliisikia, nikadhani ni ya baa. Nikasema alale, ndege impite, akiamka anitukane anavyotaka. Nilikuwa nimekaa hapa namsubiri aamke."

Inspekta alikuwa amewakamata wauaji wengi, lakini leo hakuitisha pingu.

Mama akainuka mwenyewe, akatoa kikaratasi chenye namba kwenye fundo la khanga. "Nipeleke unakonipeleka. Ila kwanza mpigie huyu wa pili. Mimi hanipokelei. Labda akisikia msiba..."

Inspekta akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, huku mama amesimama mbele yake akimtazama mdomo.