Turubai la Kiwanja cha Betri

Fundi viatu alikuwa na binti wa miaka minne. Walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Kila asubuhi alihesabu misumari ya baba yake mpaka hamsini. Akikosea, alicheka mwenyewe.

Mlimani, juu ya nyumba yao, palikuwa na kiwanja. Zamani watu waliyeyusha betri za magari pale. Sasa wasafishaji walikuwa wamechimba udongo wenye sumu, wakaurundika na kuufunika kwa turubai, wakisubiri lori.

Paa la fundi lilivuja.

"Baba Kasuku, tutalala na makopo mpaka lini?" mkewe alimtania. "Hata vyura wamehamia kwetu!"

Fundi akapanda kiwanjani, akalichukua turubai, akaliezeka juu ya paa lake. "Udongo hauogopi kulowa," alisema.

Mvua kubwa ilinyesha siku tatu. Paa halikuvuja. Lakini maji yaliusomba ule udongo, yakaumwaga uani. Wiki nzima, na nyingine, Kasuku alifinyanga vikombe vya tope na kulamba vidole.

Kisha tumbo likamuuma. Akakataa chakula. Akanyamaza.

Hospitali walimpima damu, wakakuta sumu. Kesho yake mpimaji wa udongo wa wale wasafishaji akafika, akatazama juu ya paa.

"Kaka, turubai lile umelitoa wapi?"

Fundi akainama. "Dada, nilidhani ni udongo tu."

"Udongo ule una madini ya risasi, yale ya betri. Hayaonekani, hayanuki. Mtoto akiyameza yanaingia kwenye damu, yanaharibu ubongo. Turubai lilikuwa kinga. Lakini hata sisi tumekosa. Rundo la sumu haliachwi mlimani msimu wa mvua ukikaribia. Wala hatukuwaambia."

"Mwanangu atapona?" mama aliuliza.

"Matibabu yatapunguza sumu. Kilichokwisha kuharibika, mama, siwezi kukuahidi."

Wasafishaji walizoa udongo wote wa uani. Fundi akalirudisha turubai, na rundo likapelekwa mbali, mahali pakavu pasipofikiwa na mafuriko. Kiwanja kikachimbiwa mfereji. Fundi mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba: "Mkiona udongo umefunikwa, msiguse kifuniko. Nawisheni watoto mikono. Nitazameni mimi."

Mvua iliyofuata ilikuwa kali kuliko ile. Hakuna mtoto mwingine aliyeugua.

Paa la fundi lilivuja tena. Kasuku alikaa kando ya kopo, akihesabu matone.

"Saba. Nane. Tisa..."

Akasita. Akamtazama baba yake.

"Kumi, mama," fundi alisema. "Baada ya tisa ni kumi."

Kasuku hakucheka. Akaanza upya, na fundi akahesabu naye.