Chanjo Iliyovuka Mpaka

Mimi ni Namuria, mama Asekon. Tunakaa nje kidogo ya Kakuma. Kila asubuhi nakamua mbuzi na kuchemsha chai ya watoto watano. Maziwa yanayobaki nayauza kwenye kambi ya wakimbizi. Mbuzi arobaini ndio shamba letu. Wakifa, watoto wangu hawali. Nasema mapema ili ujue kwa nini nilikuwa mkali.

Siku moja alikuja Nelly, daktari wa mifugo kutoka Lodwar.

"Ejok, mama Asekon," akanisalimu.

"Ejok nooi."

"Kesho tunachanja mbuzi hapa, bure. Kuna sotoka ya mbuzi."

"Lomoo?" nikauliza. Ndilo jina letu la ugonjwa huo.

"Ndiyo hiyo. Tukimaliza, wenzetu wa Sudan Kusini watachanja ng'ambo, kwa Watoposa. Umoja wa Mataifa unasaidia kuleta dawa."

Nilishtuka. Watoposa? Sisi na wao tumeibiana mifugo tangu enzi za babu. Mbuzi wa baba yangu walikwenda hivyo hivyo.

"Serikali yangu inashirikiana na watu hao?" nilimuuliza. "Basi mbuzi wao wafe. Na wangu sichanji."

Mume wangu, Erupe, alinivuta pembeni. "Mama Asekon, hasira hasara."

Mimi nikishasema, nimesema. Alfajiri Erupe akaswaga mbuzi wote hadi milimani, kwa amri yangu. Wakajificha huko siku nne, hadi gari la chanjo likaondoka.

Siku chache baada ya kurudi, mbuzi mmoja alikataa kula. Macho yakajaa tongotongo. Vidonda vikatoka mdomoni. Akahara, akafa. Kesho yake wakafa wawili. Kabla wiki haijaisha tulizika kumi na wanne. Nilizunguka boma kama mtu aliyepigwa kichwani. Hata kulia nilishindwa.

Nikampigia Nelly simu kwa aibu. Akaja siku hiyo hiyo, wala hakunicheka. Aliwapima wagonjwa, kisha akauliza, "Walichanganyika na mbuzi gani?"

Erupe akatazama chini. "Kule milimani tulimkuta Ekaale."

Ekaale ni shemeji yangu, ndugu yake Erupe wa tumbo moja.

"Alikuwa na mbuzi wa nani?" nikauliza.

"Sita. Masikio yao yana alama ya Watoposa."

Nilikaa mchangani. Yaani pale nilipoficha mbuzi wangu ndipo shemeji alipoficha wa wizi. Walikunywa maji pamoja siku nne. Lomoo hatukuletewa na mtu. Sisi wenyewe tuliifuata ng'ambo, tukaiswaga hadi nyumbani.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza Erupe.

"Ungenisikia?"

Kweli, nisingemsikia.

Nelly akakaa karibu nami. "Ng'ambo hawajachanja miaka mingi, kwa sababu gari la dawa linaogopa risasi. Boma likiwa na matundu mawili, ukaziba moja, fisi hupita la pili. Ndiyo maana Kenya imepatana na majirani. Tukae kikao cha amani kwanza, kisha tuchanje pande zote."

"Na hao Umoja wa Mataifa? Mimi nawajua kwa chakula cha kambini tu."

"Ni kama baraza la nchi. Kenya ni mwanachama, ina kiti chake kama wengine. Bibi yako alikusimulia habari za loleo?"

Alinisimulia. Loleo ni sotoka ya ng'ombe. Iliua ng'ombe, na watu wakafa njaa.

"Wewe umewahi kuiona?"

"Hapana."

"Imekwisha duniani kote. Nchi zilishirikiana. Wachanjaji waliingia hata penye vita. Hawakuuliza ng'ombe ni wa nani."

Mimi nilikuwa nimeuliza.

Wagonjwa tuliwatenga. Wazima Nelly akawachanja. Kati ya mbuzi wa Ekaale walipona wawili tu. Chifu akaamuru warudishwe kwa mwenyewe, kwenye kikao cha amani mpakani. Nelly aliwazuia kwanza, hadi alipohakikisha hawawezi kuambukiza wengine. Kisha nikaenda na Ekaale, asije akapotea njia.

Mwenye mbuzi alikuwa mama wa rika langu. Lugha yao na yetu zinasikilizana. Akawatazama wale wawili.

"Wengine wako wapi?"

"Walikufa," nikasema. "Na wangu kumi na wanne."

"Waliobaki kwangu wamekwisha wote. Sasa ninao hawa tu."

Nilisema mbuzi wao wafe, na kweli walikuwa wanakufa siku zile zile. Nilimwomba msamaha mbele ya watu. Wazee wa pande zote wakakubali gari la chanjo lipite salama.

Wiki iliyofuata likavuka. Niliomba kwenda nalo. Niliwashika mbuzi wa Watoposa kwa mikono yangu, mmoja mmoja, wakidungwa sindano. Tangu hapo lomoo haijarudi, huku wala kule. Mbuzi wangu wamezaa, na chai ya watoto ina maziwa.

Juzi tulikutana tena kikaoni, safari hii kwao. Mbuzi mmoja wa yule mama amezaa. Alinikamulia kidogo, akanipa kibuyu, watoto wake wasio na maziwa mengine wakitazama. Kwetu maziwa hayakataliwi. Nilikunywa, nikashindwa kumtazama usoni.