Pembe ya Tanga la Perina

Tanga lilinuka nywele zilizooshwa.

Dinka aliinusa harufu hiyo kabla mumewe hajalitua begani. Tanga kuukuu hunuka chumvi, ukungu na mkojo wa panya, kila mtu wa kijiji cha Prigrada anajua hivyo. Hili lilinuka nywele za mwanamke, zimeoshwa kwa maji ya mrehani na kuanikwa juani.

“Umelitoa wapi?” aliuliza.

“Bara. Kwa mgane mmoja, anaitwa Frane,” Jerko alisema akifuta jasho. “Mkewe, Perina, alifariki mwezi wa tatu. Hana tena haja nalo.”

“Hana haja na tanga, ana haja ya jiko jipya.”

Jerko alicheka. “Anaoa mwezi ujao, wewe mchawi. Bibi harusi kasema hakai chini ya tanga la marehemu.”

Dinka hakucheka. Alikuwa ameinama kuitazama mishono, na wivu umeshampanda. Mishono ilikuwa midogo, imelingana, mfano wa meno ya mtoto. Yeye ndiye fundi wa matanga wa Prigrada. Miaka thelathini anashona, uzi kidoleni na uzi mwingine ameubana midomoni, mpaka mdomo wa chini ukaingia mfereji. Tanga lao kuu la zamani, lililopasuliwa na upepo wa milimani majira ya kuchipua, alilishona yeye. Mishono yake mirefu, imara, haina urembo. Alikuwa tayari kushona jingine. Jerko akasema hakuna muda, mashindano ya mashua yako wiki ijayo. Akaenda kununua kazi ya mkono wa mwanamke mwingine.

“Pembe ya juu umeiangalia?” Dinka aliuliza.

“Nimeiangalia.”

“Imefumuliwa?”

“Imeshashughulikiwa, mke wangu. Acha maswali.”

Pembe ya juu si jambo dogo kwa watu wale. Mke ndiye huishona kwenye tanga la mumewe, na ndani ya uzi husokota nywele zake mwenyewe, ili upepo ujue mwanamume huyu ana mwenyewe. Mke akifa, pembe hufumuliwa akazikwa nayo. Frane alikuwa na haraka ya kuoa, hakufumua kitu. Alimwambia Jerko, “Kata shubiri tatu za juu, uzitupe baharini.” Jerko alipopiga hesabu akaona shubiri tatu zikiondoka, tanga lake litakuwa dogo kuliko la Zvane, shemeji yake. Na Zvane alikuwa amemshinda miaka sita mfululizo, na kila mwaka anakuja kula chakula cha jioni mezani kwake ili kumkumbusha. Basi Jerko akaifunga pembe ile juu ya foromali, mti unaobeba tanga, kwa mikono yake mwenyewe, akanyamaza. Mwanamume atamdanganya mkewe kwa ajili ya mwanamke mara chache. Kwa ajili ya mashindano, kila mara.

Siku ya kulijaribu, Dinka aliingia mashuani kama kawaida yake. Upepo wa alasiri ulikuwa mzuri, mashua zote zimejaza matanga. Yao ilisimama. Tanga lilining’inia kama nguo ya ndani kwenye kamba.

“Shemeji!” Zvane alipiga kelele akiwapita. “Sasa nimejua nanga yako iko wapi! Imekaa hapo mbele, imevaa kilemba!”

Jerko aliona haya, akamrudisha Dinka gatini. Mguu wake ulipogusa jiwe tu, tanga likavimba paa, na mashua ikaondoka. Dinka alisimama akitazama. Upepo ulikuwa umeshakatika. Matanga ya wengine yote yalikuwa yamelala, Zvane ameanza kushika kasia. Ni Jerko peke yake aliyekwenda, na hakugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo Jerko akawa hali tena chakula cha mchana nyumbani. Kijiji kizima kikijifungia kulala saa za jua kali, yeye huteremka mashuani, akajilaza, akajifunika tanga. Akirudi ananuka mrehani. Anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Siku ya nne Dinka akakuta unywele kwenye ukosi wa shati lake, mwekundu, mrefu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Dinka alikuwa na mvi tangu umri wa miaka arobaini.

“Nani huyu?”

“Nani nini?”

“Jerko, mimi si mtoto. Nani?”

Jerko alimtazama kama mtu anayetazama dirishani. “Umechoka, Perina,” alisema, akaenda kulala.

Jina hilo Dinka alilimeza kama mwiba wa samaki. Alijiambia: kuna mwanamke hai mwenye jina la yule maiti, na leo nitamfumania. Saa sita kamili alivua viatu akateremka ngazi za mawe. Nyenze walikuwa wakipiga kelele kwenye misonobari; alipofika gatini wakanyamaza wote kwa pamoja, kama waliofinywa koo.

Akasikia sindano.

Sauti hiyo hakuweza kuikosea, sindano nene ikitoboa kitambaa kizito na uzi ukivutwa nyuma yake, tsss, kisha kimya, kisha tsss, na chini ya sauti hiyo mwanamke alikuwa akiimba kwa pua, taratibu, kama mtu anayeshona akiwa na siku nzima mbele yake na hana wa kumharakisha, na Dinka alizidi kusogea huku mawe yakimuunguza nyayo na mgongo wake ukiwa wa baridi, akaingia mashuani, akashika ukingo wa tanga kwa mikono miwili, akalifunua.

Alikuwa Jerko peke yake. Amelala, anatabasamu, midomo imeingia rangi ya buluu. Pindo la shati lake lilikuwa limeshonwa kwenye tanga. Na katika kiganja chake cha kulia, ndani ya ngozi yenyewe bila tone la damu, kulikuwa na mishono mitatu ya nywele nyekundu, midogo, imelingana.

Dinka aliruka gatini. Alipanda mbio hadi kwa Bibi Keka, mshonaji aliyemfundisha kazi, kikongwe asiyeshuka tena ngazi kwa sababu ya magoti. Alimsimulia kwa kunong’ona.

“Pembe ipo?” Bibi Keka aliuliza.

“Alisema ameishughulikia.”

“Wiki ya mashindano? Mwamini paka habari za samaki, mwanangu, kabla hujamwamini mwanamume habari za tanga.” Akajivuta kwenye kiti. “Marehemu kazikwa bila nywele zake. Jini wa wivu hapendi nyumba nyingine kama pembe ya namna hiyo. Kaingia mle, kachukua na jina. Sasa anamshona mumeo awe wake. Akifika moyoni, utapika chakula cha mtu mmoja.”

“Nifanye nini, bibi?”

“Nenda sasa hivi, kivuli chako kikiwa bado chini ya miguu. Ifumue pembe, kisha umfumue yeye. Usikate kwa mkasi. Unywele wa namna hiyo ukikatwa unakuwa wawili. Kila uzi utie kwenye bakuli hili la chumvi, ukimaliza mwaga baharini. Akikusemesha usijibu.” Akamshika Dinka kidevu, akamgeuzia uso. “Na mdomoni usitie kitu. Umenisikia? Mdomo wako huo ni kibanio. Leo uufunge.”

Aliporudi mashuani, Dinka aliiteremsha foromali akaifumua pembe, kisha akamgeukia Jerko. Mishono haikuwa mitatu tena. Ilikuwa imepanda kifundo cha mkono, imezunguka kiwiko, imepita bega kama njia ya sisimizi na kuingia chini ya shati. Alivuta mmoja mmoja, akitia kwenye chumvi, na kila uzi ulipogusa chumvi ulijikunja.

“Miaka arobaini na mmoja nilimshonea Frane,” sauti ilisema karibu na sikio lake, sauti ya mwanamke anayeongea na mwenzake wa kazi. “Kaniuza kabla kaburi halijaota majani. Na wewe, utauzwa lini?”

Dinka aliuma meno. Jibu alikuwa nalo, lilimchoma ulimi.

“Mimi nikimwachia, atakuja mwingine. Wao ndivyo walivyo. Unadhani kwa nini hakutaka ulishone wewe?”

Hapo tanga likainuka. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti, lakini lilijipiga huku na huko, likamvamia mabegani, likamziba macho kwa harufu ile ya mrehani, na bakuli likaanza kuteleza kwenye ubao, naye akalizuia kwa goti, akalikandamiza tanga kwa kiwiko, akafungua shati la Jerko na kuona mshono wa mwisho umekaa juu ya moyo, umefungwa fundo, na fundo linataka mikono miwili, na katika vidole vyake kulikuwa na unywele aliotoka kuuvuta ambao hakuwa na mahali pa kuuweka, na mikono yake, iliyofanya kazi hiyo miaka thelathini bila kumuuliza ruhusa, ikaubana midomoni.

Akafungua fundo. Jerko akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

“Dinka,” alisema. “Dinka wangu. Nimekosa.”

Tanga lilianguka. Nyenze wakaanza tena. Dinka alipanua mdomo ili autoe unywele ule. Hapakuwa na kitu.

Alimwaga bakuli baharini, akaenda kutoa taarifa.

“Mdomoni hukutia?” Bibi Keka aliuliza.

“Hapana, bibi.”

Jerko alikata shubiri tatu mwenyewe, bila kuambiwa. Katika mashindano alikuwa wa nne. “Shemeji, tanga lako limevaa kaptula!” Zvane alimwambia mezani, akijipakulia samaki mara ya tatu. Jerko alicheka kuliko wote, na chini ya meza alikuwa ameshika mkono wa mkewe. Msimu wa tini ulipofika akamwomba Dinka ashone pembe mpya. Yake.

Alishonea mashuani, adhuhuri, Jerko amejilaza pembeni yake. Aling’oa nywele chini ya kilemba bila kutazama, akasokota, akashona. Alikuwa akiimba kwa pua, wimbo ambao hakujua ameujulia wapi. Alipotazama kazi yake, mishono ilikuwa midogo, imelingana. Unywele uliokuwa kwenye sindano ulikuwa mwekundu.

Dinka aliukazia macho kwa muda mrefu. Alikumbuka lile swali: utauzwa lini? Wakati ule alikatazwa kujibu, sasa hapakuwa na wa kumkataza.

“Siuzwi,” alisema polepole.

Akauchukua mkono wa kulia wa mumewe, akauweka mapajani pake, akaufunua kiganja. Jerko aliguna usingizini, akatabasamu. Haikuwa kazi ngumu. Matundu ya sindano yalikuwepo tayari.