Wote Wamechagua B

"Wote B?" mkuu wa chuo aliuliza, akivua miwani. "Darasa zima?"

Madamu Dozi aliitazama skrini ukutani. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa uuguzi kwa jinsi alivyowaandama na hesabu za dawa. Swali lilihusu dozi ya mtoto. Kila mmoja alikuwa amebonyeza jibu kwenye simu yake, bila kuonyesha jina, na nguzo ya B ikapanda mpaka juu. A na C zilikuwa tupu.

B ndilo lilikuwa jibu sahihi. Lakini swali lile liliwaangusha wanafunzi kila mwaka.

"Hongera, mwalimu. Nilikuja na nia ya kupiga marufuku simu madarasani. Naona nilikosea."

Madamu angeweza kunyamaza, mambo yakaisha. Kisha akamwona mchumba wake, mwalimu wa anatomia, amekaa nyuma ya darasa anatabasamu. Tabasamu lile alilijua. Ni la mtu aliyekwisha kupanga mambo.

"Mkuu, usinipongeze. Majibu haya si yao," alisema, akawageukia wanafunzi. "Nani kawaambia B?"

Vichwa vyote vikainamia simu.

"Ni mimi," mchumba wake akasema akisimama, uso umemshuka. "Niliwapitia asubuhi. Mwenzangu hakujua lolote."

"Basi tumemaliza," mkuu akasema. "Simu zitabaki nje."

"Niruhusu niwaulize swali moja tu, mkuu. Lisipokuridhisha, simu nitazikusanya mwenyewe."

Mkuu akatazama saa, akakaa tena.

Madamu akabadilisha uzito wa mtoto, akawaambia wapige kura upya. Safari hii nguzo zikagawanyika. Nusu ya darasa ilichagua mililita sabini na tano badala ya saba na nusu.

"Si unaona? Wamekosea."

"Wamekosea hapa, mkuu, pasipo na mgonjwa. Ningewaambia wanyooshe mikono, angejibu yule anayejua, na hawa wengine wangekwenda wodini kimyakimya." Akaligeukia darasa. "Kila mtu amgeukie jirani yake. Mshawishi, au akushawishi."

Chumba kikachangamka kama soko.

"We, chupa nzima kwa mtoto? Unamtibu au unamwogesha?"

"Hebu subiri, nimeruka nukta."

Walipopiga kura tena, nguzo ya saba na nusu ilipanda, ikaziacha nyingine chini kabisa. Wachache waliokosea tena wakasimama wenyewe kuomba waelezwe. Madamu alisikia fahari ikimjaa kifua. Hawa walikuwa wauguzi wake.

"Simu zibaki darasani," mkuu akasema, akichomoa yake mfukoni. "Hebu nionyesheni, na mimi napigaje kura?"

Baada ya kipindi, mchumba wa Madamu alimngoja kwenye korido.

"Mpenzi, nilitaka ung'are."

"Uliogopa nitaaibika."

"Kwani ni vibaya kukuogopea?"

"Ulilitazama darasa langu ukaona litaniangusha. Unanipenda, hilo sina shaka nalo. Ila kazi yangu huiamini, na mimi siolewi na mtu wa kunihurumia."

"Nifanye nini sasa?"

"Sijui. Usinipigie mpaka ujue wewe."

Hakupiga. Madamu alikuwa akiitazama simu kila ikilia, kisha anajikasirikia. Wiki ikaisha hivyo.

Siku moja, akiwa katika chumba cha walimu, ujumbe ukaingia pamoja na picha ya nguzo zilizokaa shaghalabaghala.

"Leo nimepigisha kura darasani kwangu, swali la mishipa ya moyo. Nilimwalika mkuu mwenyewe. Sikumwambia mtu jibu. Wengi wamekosea. Miaka yote hii nilidhani wananielewa. Nimeona aibu, halafu nikafundisha upya, wakaelewa. Sasa najua ulichokuwa unakifanya pale mbele. Nisamehe."

Madamu alicheka, machozi yakimlengalenga.

"Kuna nini tena?" mwalimu wa meza ya jirani akauliza.

"Mchumba wangu ameumbuka mbele ya mkuu," alijibu, akiinuka kwenda kumtafuta. "Kwa hiari yake. Anzeni kushona nguo za harusi."