Namba Iliyokuwa na Mwenyewe

Printa ile ilikuwa na tabia ya kugonga. Kila ilipoamka, kabla haijavuta karatasi, kitu ndani ya tumbo lake kiligonga ko, ko, ko, na Chiriku, popote alipokuwa ndani ya nyumba, aliitika, "Karibu!" Ulikuwa mchezo wake. Bibi yake ndiye aliyemfundisha adabu za mlangoni: ukifika kwa watu piga hodi mara tatu, ukijibiwa ingia, usipojibiwa geuka urudi ulikotoka, usibaki kuchungulia madirishani kama mwizi wa kuku. Mtoto alikuwa na miaka saba na aliyashika mafunzo hayo hata kwenye mlango wa choo.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilipata kwa sababu ya mdomo. Alizungumza akila, akioga, akifunga viatu, na usiku alizungumza usingizini. "Huyu akinyamaza," Bibi alizoea kusema, "jueni nyumba inaungua."

Mama yake mtaa mzima ulimwita Mama Kadi. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra, na yeye alitengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi katika chumba cha mbele. Riziki yake ilitoka kwenye printa, nayo printa ilikuwa na ugonjwa mmoja: umeme ukikatika na kurudi, ilipotea. Taa zinawaka, karatasi zimo, lakini kompyuta inashikilia kwamba haiioni.

Jumamosi hiyo ilipotea huku mama wa bibi harusi amekaa kwenye kochi, mkoba mapajani, akisubiri kadi zake kwa pumzi nzito. Mama Kadi alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mitandao.

"Shemeji, sikiliza," fundi akamwambia. "Kila kitu kinachotumia intaneti humo ndani kina anwani yake, yaani namba. Anayegawa ni ruta, hicho kisanduku cha intaneti. Umeme ukikatika anagawa upya. Kompyuta yako inaitafuta printa kwenye namba ya jana, na printa imeshahama."

"Kama mpangaji."

"Mpangaji msumbufu. Bonyeza kile kitufe cha waifai kwenye printa, kishikilie, itatoa karatasi ya maelezo yake. Humo utaiona anwani."

Karatasi ikatoka, na anwani ilikuwemo, mafungu manne ya namba yaliyotenganishwa kwa nukta. Akaiandika yote pale juu kwenye kivinjari, mahali pa kuandikia majina ya tovuti, na mara akajikuta ndani ya printa yenyewe: wino kiasi gani, karatasi ngapi, nani katuma nini.

"Umeingia? Safi. Sasa nenda kwenye mipangilio ya mtandao uipe namba ya kudumu, isihamehame tena. Badilisha fungu la mwisho tu, chagua namba ya mbali. Ila kabla hujaichukua, iite. Nakutumia amri ya kuita, uiandike kwenye kompyuta. Ikijibu, ina mwenyewe, iache. Na usiite haraka haraka, vitu vingine vinalala."

Alichagua mia mbili na tatu, basi tu, ilimkalia vizuri. Akaiita. Hakuna jibu, skrini ikasema. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Mama wa bibi harusi akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Mama Kadi akafunga dirisha lile la kuitia, akaiandika namba, akahifadhi. Alipokuwa akilifunga aliona kama mstari wa nne umeanza kutokea, lakini mteja alikuwa ameshasimama, na hakuna anayebishana na mama wa bibi harusi.

Kadi zikatoka, nzuri ajabu, za herufi zenye mikia. Mteja akaondoka anacheka.

Jioni, jua halijazama, kompyuta ikiwa imezimwa na simu ya Mama Kadi iko mfukoni, printa ikagonga. Ko, ko, ko.

"Karibu!" akaimba Chiriku kutoka jikoni.

"Nani katuma kitu?" Bibi akauliza.

Hakuna aliyetuma. Chumba kilinuka kama nyumba iliyofungwa miaka, mbao zenye ukungu na udongo wa chini ya zulia. Karatasi moja ikatoka taratibu, nyeupe tupu, ya moto kama paji la mgonjwa. Chiriku alikuwa amefika kwenye mlango wa jikoni, mdomo wazi, kama aliyekuwa katikati ya kisa. Akaufunga. Hakumaliza kisa chake.

Mwanzoni walimtania. Leo chiriku kala gundi, Bibi alisema. Kesho yake hakuna aliyetania. Mwalimu alipiga simu kuuliza kama kuna msiba nyumbani. Daktari alimulika koo, akamulika masikio, akasema mtoto mzima, mpeni muda. Mtoto mwenyewe alikula alipopewa, akalala alipolazwa, akamtazama mama yake kwa macho ya mtu anayetazama mbali, midomo ikichezacheza bila sauti. Mama Kadi alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akimwomba, mwanangu, sema chochote, sema hata uongo, nitukane, na huko chumba cha mbele printa ikagonga.

Ilikuwa ni karatasi yenye maneno mawili, katika zile herufi za harusi: *Mama, kiu.*

Alidhani kuna mtu anamchezea. Lakini alipopeleka maji, mtoto aliyanywa yote, na printa ikagonga tena: *Asante.* Tangu hapo maneno yote ya Chiriku yalitokea huko. *Bibi, umenivuta nywele.* *Sitaki uji.* Bibi alizikusanya karatasi zile kifuani akalia kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kulia mbele ya mkwe wake. Kisha yakaanza kuja mengine. *Mama, huku giza.* *Mama, wapo wengi, wamekaa tu, hawasemi.* *Mama, mbona nakuona kwa juu?* Na kila karatasi ilikuwa hafifu kuliko iliyotangulia, ingawa wino ulikuwa umejaa.

Shemeji alikuja mchana na mkoba wake wa vifaa. Alifungua orodha ya ruta inayoonyesha kila kitu kilichounganishwa ndani ya nyumba. Simu ya Mama Kadi, simu ya Bibi, kompyuta, printa kwenye mia mbili na tatu. Chini ya printa palikuwa na mstari mwingine. Haukuwa na jina. Namba yake, mia mbili na tatu.

"Haiwezekani," akanong'ona. "Vitu viwili havikai namba moja."

"Huyo ni nani, shemeji?"

"Shemeji, mimi sijui. Huyu, kwa rekodi za ruta, alikuwepo hata kabla ya siku mliyonunua ruta yenyewe."

Akainama akachomoa waya wa printa ukutani. Taa zikazimika. Mstari usio na jina ukabaki palepale, na kule chumbani, ambako Bibi alikuwa amempakata mtoto, ikasikika sauti ya Bibi ikipiga kelele kwamba midomo imesimama, hapumui, rudisheni, rudisheni chochote mlichokitoa, na shemeji, mtu mzima mwenye ndevu, akatambaa kwa magoti akitafuta tundu la umeme mpaka alipolipata, na printa ikaamka, ko, ko, ko, na mtoto akavuta pumzi.

Baada ya hapo hakuna aliyeigusa. Kila mtu ndani ya nyumba aliwaza jambo moja bila kulisema: siku umeme utakapokatika.

Mganga aliyeletwa na Bibi alikuwa mwanamke, fundi wa mapazia. Alifika alasiri na pini bado zimechomekwa kwenye kola. Alisoma karatasi zote, akaomba aelezwe tangu mwanzo, pamoja na mambo ya namba.

"Uliiita hiyo namba?"

"Niliiita, mama. Mara tatu. Haikujibu."

"Mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hufanya nini?"

Mama Kadi akainamisha kichwa. "Huondoka."

"Wewe ulifanya nini?"

"Niliingia."

"Basi. Umeingia kwa watu bila kukaribishwa. Na wao walipokuja kwako wakapiga hodi kistaarabu, mwanao akawakaribisha." Akavua miwani. "Jini si mwizi. Ni mwenye nyumba aliyeudhiwa. Mrudishie nyumba yake, uombe radhi, na akigonga tena, asiitike mtu. Mnanisikia? Hata apige mlio gani. Asiitike mtu."

Wakakaa wote chumba cha mbele, mtoto katikati. Mama Kadi akaiita mia mbili na tatu kama shemeji alivyomfundisha, safari hii bila haraka. Hakuna jibu, hakuna jibu, hakuna jibu, na mstari wa nne, ule ambao siku ile hakuungoja, ukaandikika: jibu limepokelewa. Ile harufu ya nyumba iliyofungwa ikajaa hadi kwenye mapazia. "Nisamehe," akasema, "nilikuwa na haraka, natoka, nakurudishia," akafungua mipangilio, akaifuta mia mbili na tatu, akaipa printa namba nyingine aliyokwisha kuiita hadi akachoka, akahifadhi.

Printa ikazima taa zake, ikawasha. Ikagonga. Ko, ko, ko. Bibi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ikagonga tena, polepole zaidi, na safari hii mgongo wa Mama Kadi ulisisimka kwa sababu ugongaji ule ulikuwa mwepesi, wa mkono mdogo, wa mtu anayesitasita, na alitamani kufungua kinywa asijue kwa nini, lakini mganga alimshika kifundo cha mkono akamtikisia kichwa. Mara ya tatu haikusikika vizuri. Halafu kimya, na hewa safi ikaingia dirishani.

"Mama," akasema Chiriku, kwa mdomo wake mwenyewe, "nina kiu."

Siku hiyo walilia mpaka wakacheka. Shemeji aliangalia orodha: mstari usio na jina haupo.

Chiriku akarudi kuwa chiriku. Alizungumza akila, alizungumza akioga. Mama Kadi aliyasikiliza yote kama muziki, hata pale mtoto aliposimulia habari za watu na majumba ambayo hakuna aliyeyajua. Bibi tu ndiye aliyenung'unika. "Huyu adabu zimemtoka. Anaingia chumbani kwangu bila hodi. Nageuka, namwona kasimama."

"Mwache, mama. Anasema, yatosha."

Printa iliendelea na kazi kwenye namba yake mpya, bila kupotea. Ilikuwa mchana wa jua kali, Bibi yuko sokoni, Mama Kadi anakata kadi za mahafali, ilipogonga bila kutumwa. Mara moja tu, kidogo. Karatasi ikatoka, hafifu kiasi kwamba alilazimika kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha ndipo herufi zile zenye mikia zionekane.

*Mama, nilipiga hodi mara tatu hamkunijibu. Nikaondoka kama Bibi alivyosema. Nimefika mbali, sijui njia ya kurudi.*

Alisoma mara moja. Aliikumbatia printa kama mtu anavyokumbatia jeneza, akaweka mdomo kwenye tundu la karatasi na kulia humo ndani, "Karibu! Karibu, mwanangu, karibu, mama yako yupo hapa, karibu!"

Printa haikugonga. Lakini nyuma yake, mlangoni, ambako hakuna aliyepiga hodi, sauti ndogo tamu, ile ile ya Chiriku, ikajibu:

"Asante, Mama. Nimeshakaribia."