Mashmalo ya Pili

Nianze kwa kuungama. Mara ya kwanza kusimulia kisa hiki niliwacheka watoto wa darasa la kwanza, nikawaita walafi. Nilikosea, tena sana. Aliyenisahihisha ni Aili Niskanen, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye kosa hilohilo alilifanya kabla yangu. Basi leo nakisimulia upya, kama alivyonieleza mwenyewe.

Jumatatu ile Aili aliamka kama kawaida. Alikula uji wa shayiri, akachukua sepetu, akasukuma theluji mlangoni, kisha akakimbilia basi la shule. Katika mji wa Kivela, kaskazini mwa jimbo la Michigan, mwezi wa pili huwezi kufika barabarani bila sepetu. Lakini siku hiyo alichimba huku anaimba, maana ilikuwa siku ya jaribio.

Mwalimu Rautio, mwalimu wao wa sayansi, aliwapa kazi moja tamu. "Chagueni jaribio la saikolojia lililokwisha kuchapishwa," alisema. "Lirudieni hapahapa kwetu, tuone kama yatatokea yaleyale." Kazi bora ingepelekwa kwenye maonyesho ya chuo kikuu. Aili alikuwa hajawahi kutamani kitu kama safari ile.

Yeye na jirani yake, Wendell Beaudry, walichagua jaribio la mashmalo, ile pipi nyeupe inayobonyea kama mto mpya. Fomu za wazazi zilisainiwa, chumba kikapatikana, na watoto wa darasa la kwanza wakaanza kuingia mmojammoja.

"Hii ni yako," Aili alimwambia kila mmoja. "Ukitaka kuila, kula. Lakini ukiningoja mpaka nirudi, nakupa ya pili. Umeelewa?"

Kisha akatoka, wakachungulia na Wendell kupitia kioo cha mlango. Wee! Mmoja alikalia mikono yake. Mwingine aliigeuzia pipi kisogo kama waliogombana. Kitoto kimoja, Pekka, aliinusa, akairudisha mezani, akavuta kofia ya sufu mpaka kidevuni asiione kabisa.

"Usinichekeshe, watatusikia!" Wendell alinong'ona, naye ndiye aliyekuwa akikoroma kwa kicheko.

Watoto wanane waliingia, sita wakangoja. Aili aliruka juu. "Kama kwenye kitabu! Wendell, lete mfuko wa pili tuwape zao."

"Mfuko gani?"

"Wa mashmalo! Si nilikwambia uubebe?"

"Uliniambia mimi? Ulikuwa mezani kwenu, na mimi siishi kwenu, dada."

Basi Aili akawakusanya wale sita. "Jamani, zenu nitaleta kesho asubuhi."

Pekka alimtazama kwa macho makavu. "Kesho kesho?"

"Kesho kesho. Naapa."

Usiku ule theluji ilimwagika kama gunia la unga lililopasuka. Asubuhi redio ikatangaza: shule zimefungwa. Jumatano, zimefungwa tena. Mnajua furaha ya siku kama hizo. Aili na Wendell waliteleza mlimani kwa vibao mpaka pua zikafa ganzi, kisha wakaingia jikoni kwa akina Aili kunywa kakao ya moto. Na kakao bila mashmalo zinazoelea juu ni nini?

"Moja tu," alisema Aili, akafungua mfuko.

"Moja tu," akaitikia Wendell.

Wakala moja tu, na moja tu nyingine, na nyingine tena. Jumatano jioni mfuko ulikuwa mtupu, na wapimaji wetu wa subira wamelala kwenye viti, wameshika matumbo.

Alhamisi Aili alifika shuleni na mfuko mpya. Kazi ilitakiwa Ijumaa, na kundi la pili la watoto wanane lilikuwa bado.

"Na wale wa Jumatatu?" aliuliza.

"Ah, wameshasahau," alisema Wendell. "Watoto wa miaka sita wale, hata glavu zao wanasahau! Twende, muda hakuna."

Wakaendelea. Mtoto wa kwanza aliila kabla mlango haujafungwa. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa Gus LaPointe, pengo mbele, kamasi tayari. Huyo hakungoja hata maelezo yaishe. Aliitia mdomoni huku anamkazia Aili macho, akatafuna polepole. Wanane waliingia, wanane wakala. Aliyengoja: sufuri.

"Tumekwisha," Wendell alisema, akaliangukia dawati. "Walafi hawa! Wametuharibia."

"Walafi kweli," Aili alisema, akaitazama karatasi. Jumatatu sita, Alhamisi sufuri. Safari ya chuo kikuu aliiona ikiyeyuka.

Wendell akainua kichwa taratibu. "Aili. Sufuri ni duara tu. Ukiitia kamkia juu, inakuwa sita."

"Huo ni uongo."

"Ni kamkia! Nani atajua?"

Aili alishika penseli. Ncha ikagusa duara. Mkono ukakataa. Kabla hajaandika hata nukta, alitaka kujua jambo moja. Akaiacha penseli, akatoka mbio. Gus alikuwa sakafuni kwenye ujia, anapigana na buti lake.

"Gus, mbona hukungoja? Ungepata ya pili!"

Gus alivuta kamasi. "Pekka alingoja."

"Ndiyo, alingoja vizuri."

"Akapata nini?"

Aili aliinamisha macho kwenye buti la Gus.

"Kila mtu anajua," Gus aliendelea, anavuta buti. "Wewe hutoi. Ukingoja, unakaa na njaa tu. Nifunge kamba basi."

Aili alipiga magoti akamfunga kamba. Aibu ilimpanda, lakini nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kitu kilichomfanya asimame ghafla na kupiga kelele, "Wendell! Si wao! Ni sisi!" Akakimbia na mabuti yake yote, maji ya theluji yakiruka ukutani, mpaka darasani kwa Mwalimu Rautio.

Alimweleza yote bila kuficha: ahadi, theluji, kakao, mfuko mtupu, na ile penseli. Wendell alisimama nyuma yake, anahesabu vigae vya sakafu.

Mwalimu Rautio alivua miwani. "Kwa hiyo mashmalo za watoto mlizinywea kakao?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akatulia. "Watoto kumi na sita ni wachache, na siku mbili hazilingani. Hamjathibitisha kitu. Lakini mmegundua swali zuri: je, mtu humngoja asiyemwamini? Andikeni kama lilivyotokea, na kakao iwemo."

Ijumaa Aili alisoma kazi yao mbele ya darasa. Alipofika kwenye kakao, watu walicheka mpaka wakagonga meza. Alipofika kwenye maneno ya Gus, wakajisogeza mbele wasikie vizuri.

Mwalimu Rautio akasimama. "Sikilizeni, wote. Kama mngechora kale kamkia, tungepata namba nzuri na tusingejifunza lolote. Namba isiyokupendeza usiifute. Iulize imetoka wapi. Na jambo la pili: tunapenda kuwaambia wadogo kwamba subira huvuta heri. Ni kweli. Lakini aliyeahidi heri asipoileta, anawafundisha kutosubiri. Ahadi ni deni, hata kwa mtoto wa miaka sita." Akamgeukia Aili. "Kazi yenu inakwenda chuo kikuu. Ila kwanza mna safari fupi zaidi."

Safari yenyewe ilikuwa milango minne tu. Wendell alibeba mifuko mitatu, na safari hii hakuna aliyemkumbusha. Waliligawia darasa zima la kwanza, kila mtoto mbili, na wale sita wa Jumatatu tatutatu. Pekka aliinua kofia, akazihesabu zake, akazihesabu tena.

Aili alisimama mbele yao, uso umemwiva.

"Niliwaambia kesho kesho, na sikuleta," alisema. "Nilikosea. Jamani, naomba mtu mmoja tu aniambie: mmenisamehe?"

Hakuna aliyejibu. Midomo yote ilikuwa imejaa.