Uzi wa Picha

Jumanne, tarehe 14 Aprili mwaka 2071, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kibanda namba 17 kiliachia waya juu ya bonde la Ipogoro, kikaanguka. Kilikuwa na watu sita. Mmoja wao alikuwa Anzelina, mke wa Laban Kikoti. Alikuwa anampelekea mumewe miwani aliyoisahau mezani.

Mpaka siku hiyo watu wa Iringa walikuwa wanajivunia waya wao. Vibanda arobaini na saba vilipanda na kushuka kati ya Ipogoro na mjini juu, bila dereva, bila kondakta, kila kimoja kimeshika waya kwa mkono wa chuma unaoitwa kishikio. Akili mnemba moja iliviongoza vyote, ikijua uzito wa kila abiria na upepo wa kila dakika. Siku ya uzinduzi wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakapigwa picha mbele ya kibanda namba moja. Halafu wakaondoka kwa magari yao.

Vishikio havikuagizwa nje. Kilichoagizwa ni mchoro. Katika karakana ya Shirika la Waya kulikuwa na Mfuaji, mashine kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, anayemwaga unga wa chuma na kuuyeyusha kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kilichochorwa kinatoka kizima kikiwa bado cha moto. Mgeni akisimama pale mara ya kwanza anasahau kufunga mdomo. Laban alisimama pale miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa matundu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mchoro unaotoka kwa watu wengine unafika mfu. Umbo unalo, kumbukumbu hauna. Tundu la bolti humo ni tundu tu, laini kama bomba, na bolti haishiki mahali laini. Inataka uzi, yaani ile mifereji inayozunguka ndani ya tundu. Basi mtu anakaa mbele ya kioo cha kompyuta, anagusa tundu, anachagua ukubwa wa bolti, anaweka uzi. Kuna uzi wa kweli, unaochongwa ndani ya mchoro, na Mfuaji akifika hapo anautengeneza. Halafu kuna uzi wa picha. Huo ni alama ya buluu tu, ya kumwambia binadamu: hapa, kata. Mfuaji haoni picha.

Laban aliishia darasa la saba, lakini jambo hilo alilijua kuliko wenye vyeti. Mwanzoni aliweka uzi wa kweli. Ikashuka amri: uzi wa kweli unafanya mchoro kuwa mzito, unamchelewesha Mfuaji, wekeni picha. Wakaweka picha. Kila kipande kilichotoka kikapita kwenye meza ya Laban kule nyuma, naye akatazama mchoro, akachukua tapu, kile chuma cha kukatia uzi, akaipaka mafuta, akaizungusha kwa mkono. Nusu mbele, robo nyuma. Picha kwenye kioo, tapu mezani, ndivyo walivyozoea.

"Miaka kumi na moja unashughulika na nyuzi," Anzelina alikuwa anamwambia, "na kifungo cha shati lako mwenyewe mpaka nikushonee mimi."

"Hicho ni cha plastiki. Mimi ni mtu wa chuma."

"Haya, mtu wa chuma, geuka nikushonee."

Jumatatu ya tarehe 12 Januari, Laban alifika kazini akakuta meza haipo. Mahali pake palikuwa na ukuta mpya, na nyuma ya ukuta mikono miwili ya mashine ya kuunganisha vipande. Binadamu haruhusiwi kuingia. Alimwendea meneja, Bwana Chengula.

"Bosi, sasa uzi atakata nani?"

"Mzee Kikoti, hayo ya mezani yamekwisha. Mfumo unajua."

"Unajua nini?"

"Unajua kila kitu. Wewe kaa kwenye kioo, endelea kama kawaida. Au unataka tukurudishe shule?"

Watu wawili wakacheka. Laban akakaa kwenye kioo, akaendelea kama kawaida.

Baada ya msiba alikaa nyumbani siku ishirini, halafu akarudi kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na la kufanya. Miwani alirudishiwa ndani ya bahasha. Haikuwa na ufa. Aliivaa.

Siku ya pili alikuja mwanamke mmoja kutoka Dodoma, Injinia Ombeni Sanga, aliyetumwa kutafuta chanzo. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa." Alisema hivyo kwa kila mtu. Ilikuwa rahisi.

Ombeni alifungua mchoro wa kishikio kwenye kioo. Februari vishikio vyote arobaini na saba vilibadilishwa, vikawekwa vipya vya mchoro huo. "Nimekichukua kile cha namba 17 nikakipasua katikati," alisema. "Ndani ya tundu hamna uzi. Hamna hata mkwaruzo."

"Tundu la ngapi?"

"Milimita kumi na mbili."

Laban aliinamia kioo. "Kumi na mbili ni tundu la kukatwa uzi wa bolti ya kumi na nne."

"Najua, baba. Ila mkono wa mashine ulipima tundu, ukaona kumi na mbili, ukaenda kuchukua bolti ya kumi na mbili. Ikaingia bila shida."

"Ingekuwa inazunguka tu humo ndani."

"Mkono unapaka gundi kila bolti, isije ikalegea. Gundi ikakauka, mkono ukajaribu kukaza, ukaona imekaza. Ukaandika: safi." Ombeni aligeukia dirisha. "Halafu mvua za Machi zikaja, gundi ikalainika."

Laban aligusa tundu kwenye kioo. Likawaka buluu. Pembeni palikuwa na tarehe, 20 Januari, na jina la aliyeweka alama. Jina lake.

"Picha hii niliiweka mimi," alisema. "Nilikuwa nakunywa chai. Nilijua mikono kule nyuma inakata."

"Nani alikwambia inakata?"

"Hakuna aliyeniambia haikati."

Alingoja kusikia kitu kifuani. Hakikuja. Alisikia Mfuaji anavuma upande wa pili, basi.

Bwana Chengula aliingia na karatasi mkononi. Aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa uji.

"Mzee, hii ni ya kumaliza tu. Kumbukumbu ya mfumo inaonyesha kishikio kilikaguliwa, na hapa, mstari wa tisa, *Aliyekata uzi: Kikoti L.* Weka sahihi tufunge suala. Jumatatu waya unafunguliwa, wananchi wanatembea kwa miguu, wanalalamika."

"Uzi huo sikuukata. Meza mliiondoa."

"Mfumo ulikuwa na jina lako tangu zamani, ukaliendeleza. Ni utaratibu."

"Kwa hiyo mfumo ulijua uzi unakatwa na mimi, na mlipong'oa meza hamkuuambia."

"Mzee, usinifundishe kazi."

"Bwana Chengula," Ombeni aliingilia, "vibanda arobaini na sita vilivyobaki vina vishikio vilevile."

"Vimekaguliwa. Vyote safi."

"Na namba 17 ilikuwa safi."

Chengula alitazama saa yake. Laban hakutia sahihi. Aliisogeza karatasi pembeni, akavuta kiti, akafanya kazi aliyoijua. Aliufungua mchoro uliokuja mfu. Akagusa tundu la kwanza, akafuta picha. Akachagua uzi wa kweli, bolti ya kumi na nne, kina milimita ishirini na nane, mzunguko wa kulia. Mchoro ukawa mzito, kioo kikasita, halafu mifereji ikatokea ndani ya tundu, mmoja baada ya mwingine. Tundu la pili. La tatu. La nne. Ilimchukua dakika sita. Tangu Januari mpaka Aprili kulikuwa na dakika ngapi, alijaribu kuhesabu, akaacha.

Akabonyeza kumpelekea Mfuaji, vipande arobaini na sita. Kioo kikaandika: *Mchoro huu ni wa kuagizwa na umebadilishwa. Nani anaidhinisha?*

Laban akaandika: Kikoti L.

*Kikoti L. hana mamlaka.*

Alitazama ile karatasi pembeni, mstari wa tisa, halafu akatazama kioo.

Ombeni akaandika jina lake. *Sanga O. ni mkaguzi. Hana mamlaka.*

"Bosi," Laban alisema, "andika lako."

"Nikiandika langu itamaanisha ule wa kwanza ulikuwa mbovu."

"Ulikuwa mbovu."

"Hilo si mimi wa kulisema." Chengula alitoa simu, akatoka nayo nje. Walimwona kupitia dirisha anatembea huku na huku, anaitikia kwa kichwa.

Makao makuu walisema hilo ni la wizara. Wizara ikasema mabadiliko ya mchoro ni ya wenye mchoro. Wenye mchoro, huko ng'ambo, wakajibu kwa adabu sana kwamba mchoro ukishanunuliwa ni wa mnunuzi. Ombeni aliandika barua tatu, akaitwa Dodoma kwenda kuzieleza.

Jumatatu asubuhi Laban alifika mapema. Kupitia dirisha aliona vibanda vinaanza kupanda kutoka bondeni, kimoja kimoja, vinang'aa, na ndani watu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lisilo na kifungo cha juu, akaivaa tena. Kioo kilikuwa palepale alipokiacha, alama ya kuandikia inawaka na kuzima.

*Nani anaidhinisha?*